Lumbesa ya Dadu

Mwanangu wa mwisho alirudi kutoka Dar na dadu mbili mfukoni. Akanikalisha mkekani, akaniambia kwenye kasino wapo watu wanaoishi kwa mchezo huo.

"Mama, ukijua kuhesabu hawakuwezi."

Mimi shule niliishia la pili, lakini mpunga nimeuza Ikwiriri tangu sijazaa. Nikamuuliza, "Ukishinda, wanakulipa sawasawa na hatari uliyoibeba?"

Akajikuna shingo. "Pungufu kidogo. Kidogo sana."

"Kila ukishinda?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi hiyo lumbesa, baba."

Mnunuzi wa mpunga huja na gunia lake, akalijaza mpaka likaota kichwa, na kile kichwa halipi. Kwa gunia moja huoni kitu. Msimu ukiisha, ghala lako tupu, yeye ana lori. Hakuna hesabu ya kumshinda mwenye gunia. Nilimwambia hivyo, akacheka. "Mama, wewe na mpunga wako!"

Nikaenda msibani Mloka siku tatu. Niliporudi, pipa la mbegu lilikuwa tupu, na mwanangu kesharudi Dar. Mbegu ya mama yangu hiyo, hata mwaka wa njaa tulilala na njaa tusiiguse.

Kwenye simu alilia. "Nilishinda mama, nilishinda mara nyingi!"

Namwamini. Maji ya mto yalipopungua mashambani, wenzangu wakapanda. Mimi niliyezoea kuwagawia wengine mbegu, nilisimama mlangoni kwa jirani na kikapu. Nikapiga hodi kwa sauti ndogo, nikitamani asiwepo.