Aliyerudi Gachoka Kula Kunde

Nthiga alirudi Gachoka siku ya Jumanne, akiwa na mfuko wa nguo, dawa za sukari na kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Kwa miaka kumi na sita hakuwa amelala katika boma hilo. Alikuwa akiishi mjini Embu, mtaa wa Dallas, kwa mke wake wa pili, Gladys, ambako nyama ilichomwa kila Jumamosi na soda ikanunuliwa kwa kreti.

Mkewe wa kwanza, Tabby, alikuwa akipeta ndengu. Hakuinuka.

"Mama Angeline, hujambo?"

"Sijambo. Umepotea njia?"

Akajieleza akiwa amesimama. Daktari alisema uzito upungue na sukari ishuke, la sivyo kidole kitakatwa. Aache nyama, soda na mkate mweupe. Ale kunde, mbaazi, mboga za majani na ugali kidogo wa mtama. Huko Dallas Nthiga alikuwa amelifuata agizo hilo kivyake. Chapati ni ngano, chipsi ni viazi, na muguka, miraa ya Embu, aliotafuna kutwa kwa peremende na soda, je, si majani? Sukari ikapanda hadi kumi na tisa.

Tabby alicheka, mara moja tu. Vyakula alivyotajiwa na daktari ndivyo alivyokuwa akimpikia zamani. Na ndivyo Nthiga alivyomshtakia mbele ya wazee, kwamba mwanamke huyu anamlisha chakula cha ng'ombe, ndiyo maana anaondoka. Wazee walikubali. Tangu hapo, kwenye harusi na matanga, wanawake wa Gachoka walimpa Tabby masufuria ya kuosha. Hakuna aliyemwachia kupika.

"Nitakupikia," alisema. "Sitaki shukrani, sitaki leso. Kidonda kikipona, useme mbele ya watu kwamba chakula changu hakikuwa na kosa. Basi."

"Hilo ni neno dogo."

"Kama ni dogo hutashindwa."

Alimpa chumba cha kuwekea mahindi. Asubuhi alimpa uji wa wimbi usio na sukari, mchana mbaazi na majani ya kunde, jioni nusu ya alichozoea. Wiki ya kwanza Nthiga alilalamika kwamba tumbo limejaa upepo na chakula hakina ladha.

"Hata mbuzi hulambishwa chumvi," alisema.

"Mbuzi hajawahi kunikimbia," Tabby akajibu.

Nthiga aliendelea kumeza vidonge vyake na kwenda kliniki kufungwa kidonda. Mara mbili muguka ulikutwa mfukoni mwake. Mara zote mbili Tabby aliwatupia mbuzi, Nthiga akiangalia.

Mwezi wa nne mkanda ulihitaji tundu jipya. Kilo kumi na tatu zilikuwa zimekwenda, sukari ilikuwa saba, na kidonda kimefunga. Siku ya kliniki Tabby alivaa gauni la kanisani akaenda naye. Mabenchi yalijaa wagonjwa wa sukari, wengi wao watu wa Gachoka, na mmoja wa wale wazee alikuwa amekaa karibu na dirisha. Sista akamsimamisha Nthiga.

"Mzee, hebu waambie wenzako. Nani anakupikia?"

Nthiga alimtazama yule mzee, kisha akatazama viatu vyake.

"Ni kujikaza tu, sista. Mwanamume ni kujinyima. Nimejipangia mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Tabby naye alipiga, kwa sababu jirani yake alikuwa akimtazama.

Kesho yake alipika chakula cha mtu mmoja. Mlangoni pa Nthiga aliweka sufuria, mbaazi kavu na mzigo wa kuni. Nthiga alichochea moto tangu saa sita hadi saa kumi, akazila zikiwa ngumu. Jioni akaja jikoni.

"Mama Angeline, nilikosea. Wewe ndiye uliyenipikia. Chakula chako hakikuwa na kosa, hata wakati ule."

Tabby alitazama uani. Palikuwa na kuku wanne na mbuzi.

"Umeniambia mimi," alisema, "na mimi nilikuwa najua. Kliniki nyingine ni tarehe kumi na nne."

"Na mpaka tarehe hiyo nitakula nini?"

"Mbaazi hulowekwa kwanza," alisema, akafunga mlango wa jikoni.