Gobole Chini ya Mlingoti

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mlezi wa wasichana katika sekondari moja ya kata, upande wa Kenyamonta, na kulikuwa na mwanamume mmoja aliyenitoa jasho kuliko mitihani yote niliyowahi kusimamia. Alikuwa ametoa ng'ombe wa mahari kwa baba wa msichana wangu mmoja wa kidato cha nne. Msichana hakumtaka, akakimbilia kwetu bwenini. Tangu hapo yule bwana akawa anapita kwenye uzio wa shule asubuhi na jioni, gobole begani, polepole kama mtu anayekagua shamba lake. Hakumtukana mtu. Alisimama tu mkabala na darasa la kidato cha nne, akatazama ndani. Usiku msichana wangu alikuwa hapati usingizi.

Ukimuuliza, jibu lake lilikuwa tayari: analinda mifugo. Huku kwetu wizi wa ng'ombe si hadithi, kwa hiyo mtu mwenye gobole hashangazi wengi, hata kama bunduki yenyewe imeundwa na fundi wa kijijini na haina kibali. Nilimwendea mkuu wa shule. Akaniambia mambo ya mahari yana wenyewe, na tena mtu hajafyatua hata mara moja. Nikamuuliza tusubiri afyatue mara ngapi. Akaninunia, na mimi nikamnunia vilevile. Polisi nilipowapigia walisema watakuja, gari likipatikana.

Kipindi hichohicho serikali ilikuwa inatangaza redioni kwamba mwenye silaha isiyo halali aisalimishe kwa hiari katika ofisi ya serikali iliyo karibu naye, na hatashtakiwa. Watu walicheka. Nani ajipeleke mwenyewe mtegoni? Hata mimi nilicheka, ila kwa uchungu.

Basi asubuhi moja tuko mstarini, wimbo wa taifa umekwisha, akaingia getini mama mmoja mtu mzima na mzigo wa kuni kichwani. Nilidhani ameleta kuni za jikoni. Akapita katikati ya wanafunzi bila haraka, akautua mzigo chini ya mlingoti wa bendera, akafungua kamba. Ndani ya kuni mlikuwa na gobole.

Niliwaamuru wanafunzi waingie madarasani, wakaingia mbio. Mkuu wa shule naye aliingia, nadhani kabla yao. Nikabaki mimi na yule mama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiyo serikali?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu tu. Akaangalia juu, kwenye bendera, kisha akaniangalia mimi kwa mashaka. Redio imesema ofisi ya serikali, alinieleza, na bendera anayoiona kutoka nyumbani kwake ni hii. Alikuwa mama mzazi wa yule bwana. Nilimwomba tukaliweke gobole stoo, akakataa katakata. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akasema haondoki mpaka serikali ije ilichukue hapohapo kwenye bendera yake. Nikawapigia polisi, nikawaambia kuna bunduki katikati ya uwanja wa shule. Safari hii gari lilipatikana.

Tukawa tunasubiri. Nilikaa karibu naye, si karibu sana. Nilimuuliza mwanawe akijua itakuwaje, naye akanijibu kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analijua. Gobole lilinunuliwa na marehemu mumewe kwa ng'ombe aliyetoka kwenye mahari ya binti yao wa kwanza. Na kwa mila yao, mahari ya binti ni mali ya nyumba ya mama yake.

"Mura wangu, huyu mwanangu, alikuwa analibeba tu," alisema. "Jana amelewa, akaapa huyo msichana asipokuwa wake hatakuwa wa mtu. Sasa mimi sitaki mtoto wa mwenzangu afe kwa kitu cha nyumba yangu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini gobole lilikuwa katikati yetu.

Polisi walipofika walilichukua pamoja na baruti yake, wakamshukuru, wakamwacha aende, kama redio ilivyoahidi. Siku hiyohiyo yule bwana na baba wa msichana waliitwa kituoni. Baadaye bwana alifoka sana nyumbani, lakini wazee wa ukoo wake mwenyewe walimwambia hana la kudai kwa mama yake. Ng'ombe wakarudishwa, naye akaenda zake Nyangoto kuchimba dhahabu.

Ila hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kipindi cha mwisho, nilikuwa na kidato cha nne, somo la Kiswahili. Katikati ya ngeli za nomino nikasikia mtu anakoroma. Alikuwa msichana wangu, shavu juu ya daftari, mdomo wazi. Wenzake wakaanza kucheka. Sasa mimi ni mwalimu ambaye ukisinzia kwenye kipindi changu, chaki inakufikia kabla usingizi haujakolea. Nikaweka kidole mdomoni, nikaendelea kufundisha kwa kunong'ona, na darasa zima likawa linanijibu kwa kunong'ona. Muda wa kutoka ulipokaribia, nikamtuma kiranja akamwambie mgonga kengele asiigonge.