Doa kwenye shavu la bibi harusi

Tangu jana jioni sijatulia, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla mama mmoja mteja wangu hajanitangaza sokoni.

Nahariri picha kwenye studio moja huku Ilemela, Mwanza. Juzi nimepata kibao cha kuchorea, kile ambacho ukikandamiza kalamu yake rangi inakolea, basi nikajiona fundi wa mafundi. Yule mama alikaa nyuma yangu akisubiri bango la sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Ukumbi ulikuwa unafunguliwa saa moja.

Nikaona doa jeusi kwenye shavu la bibi harusi.

"Mama, hili nalitoa."

"Mwanangu hana doa," akasema.

"Kamera inaona zaidi ya macho, mama."

Nikapaka rangi ya ngozi. Doa halikutoka. Nikakandamiza kalamu, shavu likaanza kuvimba, doa lipo tu. Nilipotazama tena, doa lilikuwa limehamia puani. Nikalifuata huko huko, pua nayo ikafutika.

"Kijana," mama akasema taratibu, "hebu subiri."

Akainama juu ya bega langu, akapuliza kioo cha kompyuta. Doa likaruka. Kumbe ni mdudu wa ziwani, wale wanaofuata taa kila jioni, ambao nimekua nao hapa hapa Mwanza.

Bibi harusi akabaki hana pua.

"Na mabawa ya huyo mdudu," mama akauliza, "kamera haikuyaona?"