Jema na Tonge la Kwanza

Jema alikuwa mtu wa ukoko. Akipika wali, humpakulia mumewe Dibar, huwapakulia wana, kisha hukwangua chungu na kula kwa chumvi na pilipili, ameupa mlango mgongo. Ndivyo alivyokula mama yake, na bibi yake vilevile. Katika vijiji vya kabila la Waho, jimboni Jharkhand, hakuna mume aliyeuliza.

Dibar naye hakuuliza. Aliona tu bangili zinamchomoka mkewe mkononi. Kikaja kikohozi kisichokoma, mwisho damu.

Raimuni, mhudumu wa afya wa kijiji, akampeleka kupimwa. Kifua kikuu. Akamletea vidonge na mfuko wa chakula: mchele, dengu, mafuta, maziwa ya unga.

"Shemeji yangu alikohoa humu ndani mpaka akafa," Jema akasema. "Mbona nimeugua mimi, na mume wangu mzima?"

"Wote mlivuta hewa yake, shangazi. Wadudu hawa wamo kwa wengi, wamelala. Wanaamka kwa aliyekonda, kwa anayemeza moshi wa jiko kutwa. Kwa mwenye kisukari, kwa mlevi. Nawe mjomba, msokoto wako huo wa tumbaku kavutie uani. Kisha uuache kabisa."

Vidonge vikamezwa, lakini Jema hakunenepa hata chembe. Raimuni aliporudi akaufungua mfuko. Mtupu.

"Chakula kimekwenda wapi, shangazi?"

"Kimeliwa."

"Na nani?"

Jema akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya nguo. Wana walikuwa wamenawiri. Dibar mwenyewe kitambi kilikuwa kimeanza kuchungulia.

Raimuni akamgeukia. "Mjomba, asipokula huyu, vidonge peke yake havitamtosha. Utamzika."

Jioni hiyo Dibar akaisukuma sahani yake kwa mkewe.

"Anza wewe."

"Mke amtangulie mume? Umelewa, baba Lakhan?"

"Sijalewa. Nina njaa."

"Basi kula."

"Nitakula ukishashiba."

"Tutachekwa."

"Wacheke. Meno ni yao."

Wakakaa. Wali ukapoa. Kuku akaja, akadonoa, asifukuzwe na mtu. Dibar alikuwa amelima tangu alfajiri, na tumbo lake likanguruma kama ngoma ya harusi. Jema akalisikia. Hakuwahi kuvumilia njaa ya mwingine. Akakamata tonge kwa hasira.

"Nakula kwa ajili ya tumbo lako, mwanamume mkaidi wewe."

"Kula tu. Na dengu."

Ikawa hivyo kila siku. Gulioni, wenzake wa pombe ya mchele wakamtania, "Dibar, siku hizi walamba chungu?"

"Ukoko mtamu," akawajibu. "Wake zetu walitufichaje miaka yote?"

Vidonge vikaisha, kikohozi nacho. Bangili zikambana Jema hata hazivuki bila mafuta. Wakaishi hivyo mpaka wana wakaoa, na Dibar akang'oka meno. Mvua za mwaka jana homa ikamchukua Jema. Haikumchelewesha.

Wakaiita roho yake irudi nyumbani, ikae kwenye kona ya ndani pamoja na waliotangulia. Wali ukiiva, wafu ndio huanza. Dibar humwekea tonge pale, na dengu juu yake. Siku hizi mkewe habishi. Dibar humngoja kidogo, kisha naye hula.