Mawe ya Bahari ya Mzee Mbaruku

"Mama Lucia, umesikia? Mzee Mbaruku amefuga jini kwenye sanduku la kioo. Anamlisha upepo wa baiskeli."

Ni jirani yangu Generosa huyo, tukiwa kisimani hapa Majengo. Nikacheka. "Jini gani anakula upepo?"

"Cheka tu. Wewe ndiye unayepakana naye ukuta."

Kweli tulipakana. Mzee Mbaruku, fundi baiskeli, alipanga chumba cha kwanza na dada yake Sauda, sisi cha pili. Mtu mpole, vidole vyeusi kwa grisi, anaitikia shikamoo kabla hujaimaliza. Zamani alifanya kazi Dar es Salaam kwa bwana mmoja aliyesafirisha samaki wa bahari kwenda Ulaya. Bwana alipofunga biashara, alimwachia mawe. Mzee akayaleta kwa treni, yamefungwa kwenye magunia mabichi, pamoja na madumu ya maji ya bahari. Sisi tulidhani ni mawe ya kunolea.

Mchana, nyumba ikitulia, nilisikia ukutani: ta. Kimya. Ta. Kama mtu anavunja vidole. Lucia wangu aliacha ziwa, akageuza shingo, akautazama ule ukuta. Hakulia.

Halafu ikaja harufu, mzoga na mkojo pamoja. Mwenye nyumba, Gelasius, akasimama uani amejiziba pua kwa mkono wa shati.

"Mzee, Jumapili nikitoka kanisani nikikuta inanuka hivi, namwaga chooni. Jini na maji yake."

"Kwani bado inanuka?"

"Unanitania?"

Mzee hakuwa anatania. Niliuona uso wake, ulijaa hofu.

Jioni ile nikaingia kumsalimia, mtoto mgongoni. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Kwenye sanduku sikuona samaki hata mmoja, ila mawe ya zambarau yaliyoota manyoya ya kahawia. Chini kulikuwa na tyubu ya lori iliyojazwa kwa pampu, inatoa hewa polepole kwenye mpira mwembamba hadi majini, inanywea kama kifua cha mtu aliyelala. Kwenye tundu la jiwe kikatoka kitu chekundu kama uzi, kikapapasa maji, kikarudi ndani.

"Samaki wako wapi, mzee?"

"Bado. Haya mawe yako hai, mama. Yana wadudu nisiowajua hata majina. Wachache wakifa wanaoza, maji yanakuwa sumu, yananuka mkojo. Halafu jiwe lenyewe linaula ule uozo, maji yanatulia. Ndipo unatia samaki. Yalikuwa yameshaanza kutulia."

"Sema tu ni mimi," Sauda akasema mlangoni. "Niliona maji yamepungua. Si ya bahari? Nikajazia ya kisima na kopo zima la chumvi ya Uvinza."

"Kinachopungua ni maji, dada. Chumvi haiendi popote."

"Ningejuaje? Nyie na mawe yenu!"

Mzee alishawatoa vikaa vya mle maweni vilivyokufa, akapunguza yale maji makali na kuongeza ya mvua. Kilichobaki ni kungoja. Gelasius akimwaga, hata waliosalia watakufa.

Ta.

Mgongoni, Lucia akaacha kurusha miguu.

"Nini hicho?"

"Sijawahi kumwona. Tangu Dar namsikia tu. Akidunda, najua bado kuna aliye hai." Akanisogelea, akashusha sauti. "Mama Lucia, gundi ya viraka na petroli vimeiua pua yangu. Sauda naye na ugoro wake, hanusi kitu. Wewe unafua nepi kila siku, mkojo unaujua hata ukiwa kidogo. Nakuomba, kila asubuhi mpaka Jumapili, uje uinamie haya maji, uninusie. Siku utakapoukosa, niambie kabla Gelasius hajafika. Ila ukiinama, mwanangu, shika kanga yako, ncha isiguse maji. Kijiwe kile cha nyuma leo kimehama, na si mimi niliyekihamisha."