Tovuti ya Kuposea

Tovuti za watu nazimaliza. Hilo nataka lieleweke mapema, maana wapo watu hapa Masasi wanaonisema kwamba mimi simalizi kitu. Nyumba ya wageni karibu na stendi ilitaka tovuti, nikaifanya, ikaisha, na mpaka leo wageni wanaweka chumba kwa simu. Duka la pembejeo lilitaka, nalo likapata, picha za mabomba ya kupulizia mikorosho zimejipanga vizuri na bei zinaonekana. Wateja wanaridhika, tunaagana kwa amani. Ila ya kwangu mwenyewe, ile yenye jina langu juu, hiyo ndiyo iliyonitia wazimu, na nusura inikoseshe mke.

Mchumba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi Newala, mzaliwa wa Mkunya. Kwao, kama kwetu, baba anaheshimiwa sana, lakini mwenye neno la mwisho juu ya binti ni mjomba wake. Basi alinipeleka Mkunya kumsalimia huyo mjomba, nionekane tu, kabla mambo ya posa hayajaanza. Nikavaa shati la mikono mirefu, nikapanda kile kilima cha Newala na baridi yake, nikafika, nikaamkia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Alikuwa ameinamia bomba lake la kupulizia mikorosho salfa, amelifungua vipande vipande kwenye mkeka, mikono imejaa grisi. Akaniuliza kazi yangu bila kuinua uso. Nikamwambia natengeneza tovuti. Nilijiandaa kumweleza tovuti ni nini, akanikatisha, anazijua, wanawe humsomea bei za mnada wa korosho humo humo. Alichotaka kujua ni natengeneza za nani. Nikasema, tena kwa majivuno kabisa, kwamba natengeneza za watu: wananiita, nafanya, wananilipa, naenda kwa mwingine.

Akainua uso.

"Ahaa. Kibarua."

Jamani! Kibarua kule ni mtu anayepalilia mikorosho ya wenzake kwa sababu yeye hana hata mche mmoja. Si tusi, na wengi tumepita huko, lakini mjomba hatoi mpwa wake kwa kibarua huku anacheka. Nilimtazama mchumba wangu anisaidie, naye alikuwa ameukazia macho mkeka kana kwamba hizo nati ni zake.

"Hapana, Mjomba," nikaruka. "Ninayo na ya kwangu!"

"Iko wapi? Tuione."

Hapo ndipo nilipojichongea. Ya kwangu ilikuwepo. Ilikuwa na picha yangu, kazi zangu chache na namba ya simu, na ilifunguka hata kwenye simu ya bei rahisi. Ningeitoa mfukoni pale pale, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuichukia, naiona ya kizamani, rangi zake za bluu kama sare za shule. Nikaona haya. Nikajibu jibu la mafundi wote wa dunia hii.

"Bado naitengeneza, Mjomba."

Akarudi kwenye bomba lake. "Sawa. Ukimaliza, mje."

Njiani mchumba wangu aliniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia siku chache tu. Niliamini kabisa, na ndiyo maana leo najisikia vibaya zaidi kuliko kama ningekuwa nimemdanganya.

Ninapanga chumba Mkomaindo, hapa hapa Masasi, na meza yangu iko chini ya dirisha. Nilikaa pale nikaifumua ile tovuti yote. Kwanza niliipaka nyeusi tii, herufi nyembamba nyeupe, jina langu likijitokeza polepole kutoka gizani. Nilijiona bingwa. Nikamtumia mchumba wangu aione. Badala ya kunijibu kwa ujumbe, akapiga.

"Kuna msiba?"

"Msiba wa nani? Huo ndio mtindo wa siku hizi."

"Mjomba ataona mtindo au ataona matanga?"

Nilikata simu kwa hasira, nikatembea mpaka sokoni na kurudi, na nilipoifungua tena nikaona kweli ni matanga. Ikabaki kuweka tu wasifu wa marehemu. Nikaifuta yote.

Safari ya pili nikasema nitampa mjomba kitu anachokijua. Nikaenda na kamera mpaka kwenye mteremko, asubuhi ukungu unapanda, nikapiga video ya mikorosho inayumba. Nikaiweka ijae ukurasa mzima, na maneno yanaelea juu yake. Jamani, ilipendeza! Kwenye kompyuta yangu pale Mkomaindo niliitazama mpaka chai ikapoa. Huko Newala mchumba wangu alikaa nayo mapumziko yote ya saa nne, kaduara kanazunguka, kanazunguka, kengele ya darasa ikagongwa.

"Imekula bando langu lote," aliniandikia jioni, "na sijaona hata jani."

Unaweza kumlaumu nani? Nilimlaumu yeye, nikailaumu simu yake, nikaulaumu mnara, kisha nikaifuta na hiyo.

Ya tatu ikawa nyeupe. Nilikuwa nimechoka na madoido, nikasema sasa ni nafasi, utulivu, mtu apumue. Jina langu dogo kwenye kona, mstari mmoja katikati, basi. Mama yangu alikuja hospitali kuangaliwa macho, akapitia kwangu, nikamwonyesha. Alivaa miwani yake mpya, akasogeza uso karibu, akarudisha nyuma, akasogeza tena.

"Mwanangu, hapa mbona kama watu wamehama?"

"Mama, ni nafasi. Ni makusudi."

"Haya," akasema, kwa ile 'haya' yake inayomaanisha atalisema kwa shangazi zangu wote.

Na bado sijasema habari ya ule ukurasa wa Kuhusu Mimi. Nani aliuanzisha huo ukurasa? Niliandika kwamba mimi ni mbunifu mwenye shauku, nikaifuta kabla sijaweka nukta. Nikaandika kwamba mimi ni kijana mchapakazi, nikajiona naomba kura. Za wateja naandika huku napiga mluzi. Yule mwenye nyumba ya wageni nilimwandikia aya moja akaipenda mpaka akaibandika mapokezi. Nikijigeukia mimi sasa, kila sentensi inanitazama kwa dharau. Nilihamisha picha yangu kulia, nikaihamisha kushoto, nikaitoa kabisa, nikaanza kumchukia mtu aliyepigwa hiyo picha.

Ikafika mahali nikaing'oa tovuti yote hewani nikaweka kibao: "Tovuti hii inatengenezwa. Karibu tena baadaye." Nilisema kitakaa mpaka Jumapili. Kikakaa mpaka mikorosho ikatoa maua.

Huku mjomba wangu mimi, kaka yake mama, mwenye kibanda cha biashara pale Nanganga barabarani, ndiye aliyepewa kazi ya kunipelekea posa. Alikuwa amenyoosha koti lake zamani. Kila akipiga simu swali ni lile lile.

"Twende?"

"Bado kidogo, Mjomba."

"Bado nini? Hicho kitu kinaota?"

Nilikuwa namweleza habari za rangi na nafasi, naye anahudumia mteja wa sabuni, na mwisho ananiambia haya bwana, koti linanisubiri. Sikumwambia kwamba na mimi naanza kuogopa. Niliogopa kwa sababu mchumba wangu alikuwa ameacha kuniuliza. Zamani alinitania, ananiuliza leo nimeipaka rangi gani. Sasa tunaongea habari za shule, za mvua, za bei ya sukari, tovuti haitajwi, na ule ukimya ulinikata maini kuliko matusi.

Mwisho akapiga, sauti kavu.

"Jumamosi mnakuja."

"Nipe kidogo tu, nimebakiza..."

"Imekwisha haijakwisha, mnakuja. Mabibo yakianza kudondoka hakuna mtu Mkunya atakayekaa chini kusikiliza posa mpaka korosho ziuzwe. Na Mjomba ameniuliza kama wewe upo kweli au nilikutunga. Mimi nimechoka. Usipokuja Jumamosi, usije tena."

Kwa kawaida mwoaji haendi kwenye posa yake, anatuma watu. Mimi niliitwa kwa jina, kwa sababu kazi yangu ilitakiwa ionekane. Basi nikarudi mezani, nikafanya kitu cha akili kwa mara ya kwanza: nikairudisha ile ya zamani, ya bluu. Ijumaa yote nikaisafisha, nikaongeza kazi mpya, nikaridhika. Kilichobaki ni kuipandisha hewani na kwenda kulala kama mtu mzima.

Sasa sikiliza ujinga. Jumamosi asubuhi, mjomba wangu ameshafika kutoka Nanganga, amevaa koti, ananisubiri mlangoni, mimi nikaitazama ile bluu nikaona imekoza. Kidogo tu. Nikaibadilisha. Nikabadilisha na vichwa vya habari vilingane nayo. Kisha nikabonyeza kuipandisha yote upya, mtandao ukaanza kusuasua, mjomba akaniita kwa sauti ya pili, ile ambayo haina ya tatu. Nikaona mstari umefika karibu na mwisho, nikasema imepanda hiyo, nikafunga kompyuta, nikatoka.

Tulipokewa vizuri Mkunya. Mkeka umetandikwa barazani, wazee wawili wa upande wao wamekaa, chai imeletwa na mihogo ya kuchemsha. Wajomba wawili wakasalimiana kwa heshima zote na kuulizana habari za mashamba. Mjomba wangu akaitoa bahasha ya posa iliyofungwa kwenye leso, akaiweka kwenye sinia katikati yetu. Hakuna aliyeigusa.

"Kabla ya hiyo," akasema mwenyeji, "kazi yake imekwisha?"

"Imekwisha, Mjomba," nikasema. Nikampa simu yangu. Mtandao pale unapatikana ukisimama ukingo wa baraza, basi akasimama, akavaa miwani, tukasubiri wote. Kaduara kakazunguka. Kisha kakaacha, na mimi nikashusha pumzi.

Akasoma kwa sauti, taratibu, wazee wasikie.

"Tovuti hii inatengenezwa. Karibu tena baadaye."

Mungu wangu. Haikuwa imepanda. Kile kibao changu mwenyewe, nilichokipangia rangi kwa mkono wangu, ndicho kilichobaki hewani. Mzee mmoja alikohoa. Mjomba wangu alifumba macho.

"Bado?" mwenyeji akaniuliza.

Sijui ni uchovu au ni ule upole wake ulionichoma. Miezi yote ile ilinipanda kichwani kwa pamoja.

"Bado!" nikasema. "Bado, Mjomba, na sidhani kama itaisha! Na hii nyumba yako je, imekwisha? Huo ukuta wa pembeni una nondo zimesimama tangu lini? Mbona hujaambiwa umalize kwanza?"

Mkono wa mjomba wangu ulinishika goti ukalibana mpaka nikahisi mfupa. Wale wazee wakaangalia mihogo. Nilitaka baraza ipasuke inimeze. Nilikuwa nimekuja kuomba mke, na nimemtukania mwenye binti nyumba yake, juu ya mkeka wake, chai yake ikiwa bado mdomoni.

Yeye aligeuka akazitazama nondo zake kwa muda, kana kwamba ni za jirani.

"Haijaisha," akasema. "Lakini tunakaa humu hivyo hivyo. Watoto wote wamezaliwa humu, wewe mwenyewe umekaribishwa humu." Akanirudishia simu. "Hiyo yako umefungia watu nje mpaka iishe. Sasa mimi nitaingiaje nikuone?"

Mama yangu alishaniambia kitu kama hicho na miwani yake mpya, nikamwambia ni makusudi.

Mwenyeji akarudi kuketi. Akamwita mpwa wake atoke ndani. Akatoka, amejifunga kitenge, akapiga magoti kando ya mkeka bila kunitazama. Nilimtazama mimi, nikitafuta usoni mwake yule aliyeniuliza kama kuna msiba, sikumwona. Alikuwa amesikia kila kitu, mlango ule hauna hata pazia.

"Wageni hawa wameleta bahasha," mjomba wake akamwambia. "Huyu kijana unamjua?"

"Namjua, Mjomba."

"Ni nani?"

Alikivuta kitenge chake magotini, na mimi nikajua anachagua. Nikaitazama ile leso kwenye sinia na kuona itakavyorudi Masasi, kwenye mfuko wa lile koti lililonyooshwa.

"Ni huyu asiyemaliza," akasema.

Mjomba wake akaisogeza sinia kidogo upande wetu.

"Kwa hiyo tuirudishe?"

"Hapana, Mjomba. Ipokeeni," akasema. "Nitakaa naye hivyo hivyo."