Maige na Mafuta Meusi

Mdogo wangu Maige si mtu wa kukaa kimya. Akichomwa na mwiba, majirani wote wanajua. Mchuzi ukikosa chumvi, wanajua mpaka wanaopita barabarani. Kwa hiyo mwaka ule alipoanza kunyamaza, mimi Milembe, dada yake, nilijua kuna jambo, na sikukosea.

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, na mbegu zake zilienda huko huko. Sasa wanunuzi binafsi walimwagika Bariadi kama kumbikumbi wa mvua ya kwanza, na mmoja wao akafunga mashine ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba nje kidogo ya mji. Maige aliajiriwa pale. Mafuta yalitoka meusi, mazito, yana harufu ya kukaba koo, na wafanyakazi wakayageuza dawa. Asubuhi kila mmoja anakinga kikombe chake kwenye mashine, anakunywa mabichi vilevile, anajipiga kifua.

"Haya yanajenga mwili, dada," aliniambia huku akinionyesha mkono wake. Kweli alikuwa amejengeka. Nami bila akili nikamsifia.

Makapi yaliyobaki, yaani mashudu, aliyabeba kwa baiskeli kila jioni kumpelekea baba kwa ajili ya dume lake. Baba yetu, mzee Mabula, ana dume moja jekundu analolipenda kuliko sisi watoto wake, na wala hafichi. Dume lilinenepa likang'aa. Mgeni akifika alipelekwa zizini kwanza, maji ya kunywa aliyapata baadaye.

Mwaka ule ule alioanza kazi, Maige akaoa. Mke wake, Ng'washi, ni binti wa mzee Magese wa Shishiyu. Ng'ombe waliotolewa mahari yake ni wale wale waliokuja kwa ajili yangu nilipoolewa Lagangabilili. Ndivyo ilivyo kwetu, dada akiolewa kaka naye anapata cha kuolea. Kwa hiyo huyu wifi yangu namhesabu kama nimemleta kwa mkono wangu mwenyewe.

Mvua zikapita, mimba hakuna. Zikaja nyingine, hakuna. Na zizini hali ilikuwa hiyo hiyo: dume linapanda vizuri kabisa, lakini majike yanarudi kutaka tena, na ndama hata wa dawa hapatikani. Baba akaunganisha mambo kwa akili yake. Kabla ya Ng'washi ndama walizaliwa. Amekuja Ng'washi, ndama wamekatika. Basi nuksi ni Ng'washi.

Akatafutiwa mizizi. Kila asubuhi, kabla hajagusa ufagio, anakunywa kibuyu cha dawa chungu mpaka machozi yanamtoka. Nikienda kuwasalimia namkuta amekonda, midomo imekauka.

"Wifi, acha hiyo dawa," nilimwambia.

"Nikiacha watasema nimekataa kuzaa," alinijibu, na akaendelea kuchambua mchicha.

Baba hakuishia kwenye mizizi. Alitangaza kwamba pamba ikishauzwa atamwita Magese, amkabidhi binti yake, na ng'ombe warudi. Maige aliisikia hukumu ile akiwa amekaa palepale, hakusema neno. Nilimwangalia nikaona jasho linamtoka kwenye kivuli. Kimya chake kilianza siku hiyo.

Kilichonifumbua macho ni ng'ombe. Baba alikuwa amemkabidhi mume wangu jike moja tulitunze: maziwa tunywe sisi, ng'ombe abaki wake, desturi yetu ya siku nyingi. Jike hilo kwa baba lilikuwa halishiki mimba kabisa. Kwetu likakutana na dume la jirani, limekonda, mbavu zote nje, halijawahi kuonja mashudu. Likashika mimba. Likazaa. Nilisimama pale zizini nikimwangalia ndama anatafuta kusimama, na badala ya kufurahi, nikaanza kulifikiria dume la baba. Kumbe majike hayakuwa na kosa.

Nilimfuata bwana mifugo wetu, Leonidas, joshoni nikamweleza. Aliniuliza jambo moja tu, dume linakula nini. Nilipotaja mashudu akatikisa kichwa.

"Mbegu ya pamba ina sumu yake, mama. Dume likishindiliwa kila siku, nguvu ya kupanda inabaki, lakini mbegu zake zinaharibika. Unaona mnyama amenenepa, kumbe ndani hakuna kitu."

Nilienda moja kwa moja kwa Maige. Nilipomweleza habari ya dume alicheka sana, kile kicheko chake cha zamani, akasema sasa baba ataona nuksi ilikuwa wapi.

"Na wewe Maige," nikamwambia, "kila asubuhi unakunywa nini?"

Kicheko kikakatika.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye sana. Alienda hospitali peke yake, akapewa kichupa, na alivyotoka nacho chooni alitamani ardhi immeze, maana daktari alikuwa mama wa umri wa mama yetu. Alisubiri kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Daktari alimwita akamweleza taratibu. Mbegu za mwanaume, alisema, hazianzi zikiwa kamili. Ndani ya korodani kuna seli zinazozilea kama mama anavyolea, na miongoni mwa kazi za walezi hao ni kutoa vichochezi vya ukuaji: hiki kinaiamsha mbegu igawanyike, kingine kinaisaidia ikomae mpaka iweze kuogelea. Sumu ya mafuta yale mabichi inawavuruga walezi, na inawapiga watoto wenyewe, yaani mbegu.

"Za kwako ni chache," alimwambia, "na hizo chache zimelala."

"Zitarudi?"

"Ukiacha mafuta, kwa wengine zinarudi. Kwa wengine hazirudi. Siwezi kukudanganya."

Maige aliacha mafuta siku hiyo hiyo. Kusema, hakusema. Nilipomuuliza alinijibu kwamba majibu bado, na nilimwona anavyoangalia chini. Nikaogopa. Tukachuma pamba, tukaipeleka kuuza, na siku aliyoisema baba ikawa inakuja mbio. Usingizi uliniisha. Nilikuwa najua nusu ya jambo, na nusu ya jambo inatesa kuliko jambo zima.

Magese alifika kutoka Shishiyu na ndugu zake wawili. "Mwadila," walisalimia, "mwadila," tukaitika, vigoda vikatolewa. Baba akaeleza madai yake, ya mke na ya ndama, akayafunga mzigo mmoja. Magese alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mzee wa watu, kama ndiye aliyekosa. Ng'washi alikaa kwenye mkeka karibu nami, na vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa ndani. Nilimshika mkono.

"Wewe mwenye mke," baba akamgeukia Maige, "una neno?"

Maige aligeuza uso. Akaangalia zizini. Baba alikuwa anataka kuendelea, na mimi sikuweza kuvumilia tena.

"Maige," nikasema mbele ya wanaume wote, "mficha uchi hazai."

Alisimama. Sauti ilimtoka ndogo, wala haikufanana na yake.

"Baba, ng'ombe wabaki Shishiyu. Ng'washi hana kosa. Nimepima hospitali, mwenye tatizo ni mimi. Ni yale mafuta ya mashine. Na dume lako ni mashudu niliyokuletea mimi."

Baba alimwangalia mwanawe, kisha akaliangalia dume lake. Mimi nilishusha pumzi, nikajua tumeokoka. Nilijidanganya. Ng'washi aliuondoa mkono wake kwenye mkono wangu.

"Ulipima lini?" aliuliza.

Mke kuuliza katikati ya kikao cha wazee si jambo la kwetu, lakini hakuna aliyemkataza.

"Kabla hatujaanza kuchuma pamba," Maige akajibu.

Ng'washi akaingia ndani. Alirudi na kibuyu cha dawa, kimejaa, akakiweka miguuni pa mumewe.

"Msimu mzima umekaa unaniangalia nikinywa hii," alisema. "Leo kunywa wewe."

Maige alikichukua akakinywa chote. Machozi yalimtoka, na sidhani yote yalikuwa ya uchungu wa mizizi. Ng'washi alisubiri mpaka kibuyu kikaisha, akachukua mzigo wake, akaondoka na baba yake. Ng'ombe walibaki Shishiyu, na mke naye akabaki Shishiyu.

Baba hakuomba radhi. Aliacha tu kulilisha dume mashudu, na neno nuksi halikusikika tena pale nyumbani. Dume lilikonda, na masika yalipoanza majike mawili yakatulia, yameshika mimba. Maige aliacha kazi ya mashine. Alienda Shishiyu akarudi mikono mitupu, akaenda tena, na safari ya mwisho Ng'washi akampa sharti la kumrudia: siku ya kupima tena naye awepo, majibu atayasikia kwa masikio yake mwenyewe.

Siku hiyo nilikuwa nao. Maige hakuweza kukaa. Alikuwa akienda mpaka dirishani na kurudi, na Ng'washi amekaa wima mwisho wa benchi, hamwangalii. Daktari alipoita "Maige Mabula", aliyenyanyuka kwanza ni Ng'washi. Nami nikabaki mlangoni, maana mlango haukufungwa.

"Zimeongezeka," daktari alisema. "Kuna zinazoogelea. Lakini bado hazitoshi. Inaweza kuchukua mwaka, na hata hapo siahidi mtoto."

Nilimwona mdogo wangu mabega yanamshuka. Alimgeukia mke wake, na nikajua anachokiogopa hakikuwa tena maneno ya daktari.

Ng'washi akavuta kiti akakisogeza karibu na cha Maige.

"Tutasubiri," alimwambia daktari.

Mimi pale mlangoni nililia bila haya, mpaka nesi akaniuliza ni nani amefariki.